Herufi Kubwa na Ujumbe Unaosomeka

KABLA YA KUSOMA

Jadilini kwanza maswali haya mawili katika kikundi chenu:

1. Umewahi kupata barua au ujumbe wa simu ukauelewa vibaya? Ilikuwaje?
2. Unapoandika jina lako, unaanza na herufi ya namna gani? Kwa nini?

SEHEMU YA KWANZA: UJUMBE KUTOKA HOSPITALI

Ndugu mwanakisomo, hii ni hadithi ya kufundishia. Lakini mambo ya namna hii hutokea kila siku.

Tuseme kuna bibi mmoja anayeishi kijijini katika Wilaya ya Chamwino. Alijifunza kusoma ukubwani. Sasa anaweza kusoma ujumbe wa simu bila kumwita mtoto wa jirani. Jambo hilo humpa furaha.

Binti yake amempeleka mjukuu hospitali. Mtoto ana homa kali na amelazwa. Jioni bibi anapokea ujumbe katika simu yake ndogo ya kitochi. Ujumbe umeandikwa hivi:

shikamoo mama tumefika salama mtoto amelazwa daktari anasema atapona njoo kesho na baraka mungu ni mwema

Bibi anasoma polepole, neno moja moja. Anarudia mara ya pili. Anaelewa hivi: mtoto atapona, niende kesho, na baraka za Mungu ziwe nasi. Anamshukuru Mungu. Anataka kumpigia binti yake simu, lakini simu inazimika kwa sababu chaji imekwisha. Mahali pa kuchajia simu ni dukani, na duka limekwisha kufungwa.

Asubuhi bibi anapanda basi peke yake. Amebeba uji wa uwele na shuka safi. Anapofika wodini, binti yake anatazama nyuma yake.

"Shikamoo mama. Baraka yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Baraka gani?"

"Baraka wa mjomba! Mtoto amepungukiwa damu. Anatakiwa ndugu wa kuchangia damu, na Baraka alikwisha kubali. Sikutaka kuandika habari ya damu, nisije nikakutisha usiku."

Bibi anakaa kimya. Baraka ni kijana wa kaka yake. Wakati huo yuko porini anachunga ng'ombe, wala hana habari.

Baraka alifika kesho yake kwa basi la kwanza. Alitoa damu, na mtoto akapata nafuu. Lakini siku nzima ilikuwa imepotea. Kwa mgonjwa, siku moja si kitu kidogo.

Je, nani alikosa? Bibi alisoma kila neno sawasawa. Binti naye aliandika kila neno bila kosa la tahajia. Kilichokosekana ni herufi kubwa moja na nukta moja.

SEHEMU YA PILI: baraka NA Baraka

Katika Kiswahili majina mengi ya watu ni maneno ya kawaida. Tazameni orodha hii:

baraka ni heri. Baraka ni mtu.
neema ni fadhila. Neema ni mtu.
shida ni taabu. Shida ni mtu.
amani ni utulivu. Amani ni mtu.
tumaini ni tegemeo; Tumaini ni mtu.
juma ni siku saba. Juma ni mtu.

Unapozungumza, anayekusikiliza huelewa kwa sauti yako, kwa uso wako, na kwa kukuuliza. Barua haina uso. Ujumbe wa simu hauwezi kuulizwa swali. Kwa hiyo alama ndogo za maandishi hufanya kazi ya sauti na uso.

Mara nyingine sarufi ya Kiswahili hutusaidia. Tukiandika "shida imefika", tunajua ni taabu. Tukiandika "shida amefika", tunajua ni mtu, kwa sababu ya kiambishi "a". Lakini mara nyingine kiambishi hakipo. "Njoo na baraka." "Lete dawa ya shida." "Ng'ombe wa juma amepotea." Hapo msomaji hana msaada mwingine ila herufi ya kwanza.

Majina ya mahali nayo ni hivyo hivyo. Katika wilaya yetu kuna Mlowa Bwawani. Mtu akiandika "tukutane Mlowa Bwawani", anataja jina la mahali, lote kwa pamoja. Akiandika "tukutane Mlowa, bwawani", anasema mkutane Mlowa, kwenye bwawa. Kuna pia kata inayoitwa Muungano. "Anakaa Muungano" si sawa na kusema habari za muungano wa watu au wa nchi.

Kuna mfano mwingine ambao kila Mtanzania anaujua. Tukiandika "mwalimu alifika kijijini", msomaji atafikiri ni mwalimu yeyote wa shule. Tukiandika "Mwalimu alifika kijijini", wengi watafikiri ni Mwalimu Julius Nyerere, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1970 alishiriki kazi ya kujenga kijiji cha Chamwino. Tofauti yote iko katika herufi moja.

SEHEMU YA TATU: HERUFI KUBWA HUANDIKWA WAPI?

Kumbukeni kanuni hizi:

1. Mwanzo wa sentensi. Baada ya nukta, alama ya kuuliza au alama ya mshangao, anza na herufi kubwa. Hivyo msomaji hujua kwamba wazo moja limekwisha na jingine limeanza.

2. Majina ya watu: Baraka, Neema, Mazengo.

3. Majina ya mahali: Chamwino, Buigiri, Mvumi Misheni, Bwawa la Mtera, Tanzania.

4. Majina ya makabila na lugha: Mgogo, Wagogo, Kigogo, Kiswahili.

5. Majina ya siku na miezi: Jumatatu, Ijumaa, Januari, Desemba.

6. Jina la Mungu, na majina ya vyombo na taasisi: Bunge, Ikulu, Benki Kuu ya Tanzania.

7. Vifupisho vinavyosomwa herufi kwa herufi: CCM, S.L.P.

Angalieni jambo moja. Sauti kama ch, sh, dh na ng' huandikwa kwa alama zaidi ya moja. Zinapoanza jina, herufi ya kwanza tu ndiyo huwa kubwa. Andika Chamwino, usiandike CHamwino. Andika "Ng'ombe wamerudi", usiandike "NG'ombe wamerudi".

Angalieni na jambo la pili. Baadhi yetu huchanganya herufi kubwa katikati ya neno, hasa K, P na S. Hii ni kwa sababu umbo la herufi kubwa na ndogo hufanana, hutofautiana kwa ukubwa tu au kidogo zaidi. Neno kama "maPiShi" humfanya msomaji asimame. Anadhani kuna jina, kumbe hakuna. Herufi kubwa mahali pasipo pake ni kama kengele inayolia bila sababu. Ikilia mara nyingi, watu huacha kuisikiliza.

SEHEMU YA NNE: TUKIANDIKA ZOTE KWA HERUFI KUBWA

Mwanakisomo mmoja anaweza kusema: "Basi tuandike yote kwa herufi kubwa, tuwe salama." Tujaribu kwa ujumbe wa bibi:

SHIKAMOO MAMA TUMEFIKA SALAMA MTOTO AMELAZWA DAKTARI ANASEMA ATAPONA NJOO KESHO NA BARAKA MUNGU NI MWEMA

Je, sasa Baraka anaonekana? Haonekani. Amejificha tena, safari hii katikati ya herufi kubwa. Herufi kubwa hufanya kazi kwa kuwa tofauti na jirani zake. Katika kundi la ng'ombe wekundu, ng'ombe mmoja mweupe huonekana mara moja. Wote wakiwa weupe, utamtambuaje yule unayemtafuta?

Liko na tatizo la pili. Maandishi marefu ya herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Miles Tinker na Donald Paterson, waliwapa watu maandishi wayasome na wakapima kasi yao. Walioyasoma kwa herufi kubwa tupu walipungua kasi kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Wasomaji hao walisoma Kiingereza, na walikuwa wasomaji wazoefu.

Kwa nini iwe hivyo? Tazameni neno hili: habari. Herufi h na b zimeinua vichwa juu. Tazameni neno hili: jipya. Herufi j, p na y zimeteremsha mikia chini. Sasa tazameni HABARI na JIPYA. Herufi zote zina kimo kimoja, kama matofali yaliyopangwa. Zamani wataalamu walisema kwamba jicho hutambua umbo la neno zima, na herufi kubwa huliondoa umbo hilo. Siku hizi wengi wanaona kwamba jicho hutambua herufi zenyewe, na kwamba sababu kubwa ni mazoea. Vitabu na magazeti tunayosoma yamejaa herufi ndogo, basi jicho limezoea hizo.

Tatizo la tatu ni la heshima. Katika ujumbe wa simu, watu wengi huona herufi kubwa tupu kama kelele. Mzee akipata ujumbe wa mwanawe ulioandikwa "BABA NATAKA HELA YA SHULE", anaweza kudhani anafokewa. Kijana huenda hakukusudia hivyo. Labda alibonyeza kitufe cha simu tu kwa bahati mbaya.

SEHEMU YA TANO: HERUFI KUBWA TUPU ZINAFAA WAPI?

Tusizikatae kabisa. Zinafaa mahali pake.

Zinafaa kwa neno moja au mawili yanayotakiwa kuonekana kutoka mbali: HATARI, SUMU, TANGAZO. Herufi kubwa huchukua nafasi zaidi, hivyo neno fupi huonekana vizuri. Mkulima anayehifadhi dawa ya wadudu kwenye chupa na aandike SUMU kwa herufi kubwa zinazosomeka, tena aiweke mbali na watoto.

Zinafaa pia katika fomu. Fomu nyingi huagiza: "Andika kwa herufi kubwa." Sababu yake ni kwamba mwandiko wa mkono hutofautiana. Wengine huunganisha herufi, na karani anashindwa kujua kama hii ni n au u. Herufi kubwa huandikwa moja moja, mbalimbali. Karani hunakili jina lako bila kukosea, nalo likikosewa katika fomu ya benki au ya ardhi, utapata usumbufu mwingi.

Basi kanuni ni hii: neno moja la onyo au jina katika fomu, herufi kubwa zinafaa. Habari ndefu, tumia herufi ndogo na uweke kubwa mahali pake tu.

Hata vibao vya barabarani vimefuata fikira hiyo. Huko Uingereza, barabara ya kasi ya Preston ilipofunguliwa mwaka 1958, iliwekewa vibao vipya vya Jock Kinneir na Margaret Calvert. Majina ya miji yaliandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zilizofuata, ili dereva mwenye mwendo aweze kuyasoma upesi.

SEHEMU YA SITA: ZILITOKA WAPI?

Herufi kubwa ni za kale kuliko ndogo. Warumi walizichonga kwenye mawe, nasi tunatumia maumbo hayo hadi leo. Herufi ndogo zilitokana na waandishi wa kalamu waliotaka kuandika upesi. Zilitengenezwa vizuri huko Ulaya katika karne ya 8 na ya 9, wakati wa mfalme Charlemagne.

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi huko pwani kabla ya kuandikwa kwa herufi tunazotumia sasa. Herufi za Kiarabu hazina kubwa na ndogo. Msomaji alitambua jina kwa kufuata maana. Na katika maandishi ya nukta wanayosoma wasioona, kama wale waliosoma katika shule ya wasioona ya Buigiri hapa wilayani kwetu, herufi kubwa haina umbo lake. Mwandishi huweka alama ya nukta mbele ya herufi, na kidole hutambua kwamba herufi inayofuata ni kubwa.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba herufi kubwa ni mapatano kati ya mwandishi na msomaji. Mapatano yakivunjwa na upande mmoja, upande wa pili hupotea njia.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya kampeni kubwa na mitihani ya taifa, hesabu ya mwaka 1975 ilionyesha kwamba wasiojua wamepungua hadi 39 katika kila 100. Watu waliacha majembe jioni wakaenda darasani chini ya miti. Kujua kusoma lilikuwa hatua ya kwanza. Kuandika ujumbe ambao mwenzako anauelewa bila kukosea ni hatua inayofuata.

SEHEMU YA SABA: TANGAZO LA KIJIJI

Soma tangazo hili:

TANGAZO MKUTANO MKUU WA KIJIJI UTAFANYIKA JUMAMOSI SAA TATU ASUBUHI SHULENI WAKULIMA WA ALIZETI WANAOTAKA MBEGU WAJE KUANDIKISHWA SIKU HIYO TU BAADA YA HAPO HAKUNA KUANDIKISHWA MAJINA YAPELEKWE KWA NEEMA OFISINI

Sasa soma hili:

TANGAZO

Mkutano Mkuu wa Kijiji utafanyika Jumamosi, saa tatu asubuhi, shuleni.

Wakulima wa alizeti wanaotaka mbegu waje kuandikishwa siku hiyo tu. Baada ya hapo hakuna kuandikishwa.

Majina yapelekwe kwa Bibi Neema, ofisini.

Maneno karibu yote ni yale yale. Lakini katika tangazo la kwanza, mtu aliyesimama kwa haraka mbele ya ubao atachoka kabla hajafika kwenye habari ya mbegu. Katika la pili, ataiona mara moja. Mkulima anayekosa mbegu kwa sababu ya tangazo bovu amepata hasara ya kweli, kwa maana mvua za huku kwetu hazimngoji mtu.

Angalieni pia neno "Bibi" lililoongezwa. Mwandishi mzuri hategemei herufi kubwa peke yake. Anaongeza neno moja ili kuondoa shaka. Hata msomaji asiyejua kanuni ataelewa kwamba Neema ni mtu.

SEHEMU YA NANE: KATIKA SIMU YAKO

Katika simu nyingi za vitufe, ukibonyeza kitufe chenye alama ya # wakati unaandika, herufi hubadilika kutoka ndogo kwenda kubwa, au kinyume chake. Tazama juu ya kioo. Ukiona abc, utaandika herufi ndogo. Ukiona ABC, utaandika kubwa tupu. Ukiona Abc, herufi ya kwanza itakuwa kubwa na zinazofuata ndogo. Hii ya tatu ndiyo inayofaa kwa barua na ujumbe.

Usihofu gharama. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba alama 160, pamoja na nafasi. Herufi kubwa huhesabiwa moja sawa na ndogo.

Sasa tuandike upya ule ujumbe wa hospitali:

Shikamoo mama. Tumefika salama. Mtoto amelazwa. Daktari anasema atapona. Njoo kesho na Baraka wa mjomba. Ni lazima aje. Mungu ni mwema.

Ujumbe huu haumtishi bibi. Hautaji damu. Lakini Baraka angefika siku ile ile.

MANENO YA KUKUMBUKA

kiambishi: sehemu ndogo inayoongezwa kwenye neno, kama "a" katika "amefika"
kifupisho: herufi chache zinazosimama badala ya jina refu
mapatano: jambo ambalo watu wamekubaliana
tahajia: namna sahihi ya kuandika neno kwa herufi zake

MASWALI

1. Kwa nini bibi hakwenda na Baraka?
2. Kama bibi angepata ujumbe wa herufi kubwa tupu, angeelewa? Eleza.
3. Taja mahali pawili ambapo herufi kubwa tupu zinafaa.
4. Taja majina matatu ya watu wa kijiji chako ambayo pia ni maneno ya kawaida.

ZOEZI

Andika upya sentensi hizi. Weka herufi kubwa na nukta panapotakiwa.

(a) jumatano tutakwenda mlowa bwawani na tumaini
(b) ng'ombe wa juma ameonekana buigiri mwambie aje kumchukua
(c) mgeni wetu anajua kigogo na kiswahili anatoka manchali

KAZI YA KIKUNDI

Gawanyikeni vikundi viwili. Kila kikundi kiandike habari moja yenye sentensi sita: kikundi cha kwanza kwa herufi kubwa tupu, cha pili kwa kufuata kanuni. Badilishaneni karatasi. Mtu mmoja mwenye saa apime muda wa kusoma. Linganisheni, kisha nendeni pamoja kwenye ubao wa matangazo wa kijiji mkasome yaliyobandikwa. Kama kuna tangazo lisilosomeka, mwombeni mtendaji ruhusa mliandike upya.

TUKUMBUKE

Kabla hujatuma ujumbe au kubandika tangazo, lisome kana kwamba limeandikwa na mtu usiyemjua. Ukijikwaa wewe uliyeliandika, mwenzako ataanguka.